Makasia Kumi ya Mwisho

Mwanamke anayempenda mshika usukani ana taabu moja ambayo wanawake wengine hawaijui: hana mahali pengine pa kuangalia. Katika mashua ya mashindano wapiga makasia huketi wameupa mgongo mwisho wa safari. Hawaoni waendako, wanaona walikotoka tu. Anayeona mbele ni mmoja, mshika usukani, mtu mdogo wa mwili anayeketi nyuma kabisa akiwa amewageukia wenzake, kamba za usukani mikononi. Na yule mpiga makasia wa kwanza, anayewapa wengine mwendo, huketi karibu goti kwa goti na mtu huyo, uso kwa uso, kuanzia wanapoondoka gatini mpaka wanaporudi.

Huyo wa kwanza, katika mashua ya wanawake wanne ya klabu ya bwawani, alikuwa Njambi. Mchana aliuza sare za shule katika duka moja la Mtaa wa Biashara. Alfajiri alitoka kwao Woodley na koti juu ya nguo za mazoezi, akaenda kuketi mbele ya Dalmas Odero, fundi wa miwani kutoka Ngara. Miaka miwili, asubuhi nne kwa wiki. Alilijua pengo dogo la meno yake ya juu, alijua jicho gani hufumba kwanza maji yakimrukia. Sasa niambie, angekosaje kumpenda? Wengine huanza kwa barua, wengine kwa zawadi. Hawa walianza kwa kukosa pa kugeuza macho.

Ila Dalmas alikuwa mwongo. Subiri, usimhukumu bado. Alikuwa mwongo wa kazi, na washika usukani wengi wako hivyo, wala hawaoni haya. Wasichana wakiwa hoi, vifua vinawaka, miguu haina kitu, yeye hupaza sauti, "Kumi ya mwisho!" Wao hujitoa mhanga wakijua wamebakiza makasia kumi wapumzike. Wakimaliza kumi anawaambia kumi nyingine. Kisha nyingine. Ndivyo mashua inavyosukumwa mpaka kwenye kamba ya mwisho, kwa kudanganywa kidogo kidogo.

Njambi alidanganyika mwaka mzima, halafu akajanjaruka. Akisikia kumi, moyoni aliandika ishirini na tano, akagawanya nguvu zake kwa hesabu hiyo. Hakumwambia mtu, hata Emmah aliyeketi nyuma yake.

Na nje ya maji Dalmas alikuwa vilevile. Alikuwa amemwahidi Njambi kwamba angewaleta wazee wake Woodley wamwone mama yake, waanze mazungumzo kama watu wenye heshima. Mwezi ujao, alisema. Mwezi ukapita. Baada ya Krismasi, alisema. Krismasi ikaja ikaondoka na soda zake.

Haki ya Mungu, hakuwa na nia mbaya. Alimwogopa mama yake Njambi. Mama Virginia alikuwa mjane, muumini wa kanisa asiyekosa ibada, mwanamke aliyewalea watoto watatu kwa kufuma sweta. Siku moja alikubali kwenda kutazama mashindano. Alisimama kando ya bwawa na mwavuli wake akaona wanawake wanne wamekunja uso, wanatoka jasho, mishipa ya shingo imewasimama, na mbele yao mwanamume ameketi starehe anapiga kelele. Alipoulizwa na binti yake ameonaje, alisema hajaona kitu. Walipofika nyumbani ndipo akasema.

"Nimemwona mwanamume anabebwa na wanawake wanne," alisema huku akivua viatu. "Na bado anawafokea. Njambi, huyo utambeba maisha yako yote."

Njambi alimweleza kwamba kila mashua lazima iwe na mtu wa kuongoza. Virginia akajibu kwamba hata punda anajua njia ya kwao. Maneno hayo Njambi, kwa ujinga wa mapenzi, alimsimulia Dalmas kama kichekesho, na Dalmas akacheka. Kumbe yalimwingia mfupani.

Ikaja Pasaka. Dalmas aliapa, Njambi akaamini, na kwa kuamini kwake akamwambia mama. Virginia hakupenda, lakini mgeni ni mgeni. Aliazima viti sita kanisani. Alipika mukimo wa viazi na mahindi, akachinja kuku wawili, akaipaka baraza nta nyekundu mpaka ikang'aa. Majirani waliona viti vikiingia. Saa nane ikafika, saa kumi, saa kumi na mbili, hakuna mtu. Dalmas alikuwa amefika peke yake mpaka kituo cha Adams Arcade, akasimama hapo nusu saa nzima na koti la kuazima, hofu ikamshinda, akarudi Ngara. Kesho yake majirani wakaviona viti sita vikitoka.

Virginia hakulia wala hakugomba. Alimwambia binti yake jambo moja tu: jina la mtu huyo lisitajwe tena katika nyumba hiyo mpaka yeye mwenyewe aone miguu ya wazee wake mlangoni.

Hayo yote yalikuwa yamepita Ijumaa ile ya mwezi Mei, mwaka wa elfu mbili na tano, Dalmas alipompigia Njambi simu dukani kumwomba waonane saa ya chakula cha mchana. Walikutana katika mkahawa mmoja wa ghorofani karibu na Soko la Jiji. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na watu walikuwa wamejazana humo wakijikinga zaidi ya kula. Dalmas aliagiza chai mbili na sambusa, kisha sambusa hakuzigusa.

Alimwambia amepata kazi. Kuna duka la miwani Kisumu linataka msimamizi, na lilitaka awe kazini Jumatatu. Angepanda basi Jumapili asubuhi.

Njambi alikizungusha kikombe kwenye kisahani. 

"Kwa hivyo kesho ni mashua yetu ya mwisho," alisema.

"Ya mwisho, ndiyo. Lakini sikukuita kwa sababu ya mashua." Dalmas aliegemea meza. Alimtazama vile alivyomtazama kila alfajiri, bila kupepesa. "Kesho saa tisa wazee wangu watakuwa kwenu. Mjomba Hezekiah na ndugu yake. Wametoka nyumbani jana usiku, sasa hivi wako kwangu Ngara wanakunywa uji. Mashindano yetu ni saa sita, tukimaliza tunaenda tunawakuta."

Njambi alikisukuma kikombe kando.

"Najua unachofikiria," Dalmas akasema.

"Sifikirii kitu."

"Unafikiria viti."

Ni kweli alikuwa anafikiria viti. Aliviona vikibebwa kimoja kimoja, mama yake nyuma na kitambaa kichwani, akiwasalimia majirani kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Njambi, nisikilize. Nimekudanganya sana. Majini nimekudanganya, nchi kavu nimekudanganya. Nilikuwa naogopa, sina neno lingine. Kuanzia kesho nikisema kumi, ni kumi. Kila mahali. Siwezi kwenda Kisumu nikuache ukiwa mtu wa kungoja."

"Sawa," Njambi alisema.

"Umesema sawa kama mtu anayemwambia kondakta abaki na chenji. Umeniamini?"

"Nimesema sawa, Dalmas."

Akamshika mkono juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Alimwambia kesho hatasema mengi, asimsumbue kichwa kabla ya mashindano. Ataona tu. Njambi akatabasamu, akautoa mkono wake polepole kwa kisingizio cha kutafuta mwavuli. Alimpenda mtu yule bado. Ila kumwamini, hapana, sehemu hiyo ilikuwa imekufa ganzi.

Jioni hiyo Virginia alikuwa anapiga pasi sare yake ya kanisa. Kinamama wenzake walikuwa wamekodi gari la kwenda Gatundu, kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa Jumamosi. Alikuwa bado hajaamua. Goti lilikuwa linamsumbua, na labda mama husikia vitu ambavyo havijasemwa, kwa maana aliiweka pasi wima akamtazama binti yake.

"Kesho kuna jambo lolote hapa nyumbani? Nikae, au niende na wenzangu?"

Njambi alifungua kinywa. Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa, ndani ya kinywa hicho kilichofunguka. Neno moja lingetosha. Lakini alimwona mama yake akiomba viti tena kanisani, akaona ile nta nyekundu, akaona jioni ikiingia na kuku wamepoa sufuriani. Alijiambia bora aibu hii aibebe mwenyewe.

"Nenda tu, Mami," alisema. "Hakuna kitu."

Alfajiri Virginia aliipaka baraza nta kama desturi yake ya kila Jumamosi, akavaa, akaenda. Njambi alifunga mlango kwa kufuli, akaufunga ufunguo kwenye uzi na kujivika shingoni, kwa sababu nguo za mashindano hazina mfuko.

Mvua ilivuruga ratiba. Maji yalikuwa yamesukuma magugu mpaka katikati ya bwawa, na wanaume wa klabu wakashinda ndani ya mitumbwi wakiyakata kwa panga na kuyaburuta ukingoni. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Wasichana wa Naivasha, ambao ndio walikuwa wapinzani hasa, walikaa chini ya turubai lao wakila mahindi ya kuchoma. Kulikuwa na harufu ya matope na majani yaliyooza. Kila mtu alijua kwamba klabu yenyewe haina siku nyingi, bwawa linazibwa na magugu, na hakuna aliyetaka kulisema.

Dalmas hakumwambia Njambi kitu asubuhi nzima. Mara mbili alienda kando kuongea na simu yake ya mulika mwizi, ile yenye tochi. Njambi alimwona, akajiambia ndiyo hayo, anatunga kisingizio. Alikasirika kidogo, kisha akajihurumia, kisha akajifunga kitambaa kichwani akaenda kupasha misuli moto.

Saa tisa kasorobo waliitwa majini. Walipiga makasia polepole hadi mwanzo wa njia, wakageuza mashua, wakangoja. Manyunyu yalikuwa yanatoboa maji kila mahali. Dalmas alifunga kamba za usukani viganjani. Macho yake yakashuka kutoka usoni mwa Njambi mpaka kifuani pake.

"Huo ni ufunguo wa nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wa nyumba."

Aliutazama ufunguo ule kwa muda. Midomo yake ilitaka kuunda swali la pili, lakini mwamuzi akapandisha bendera, na mshika usukani ana wanawake wanne mikononi mwake. Bendera ikashuka.

Mita elfu moja si mbali kwa mtu anayetembea. Kwa aliye ndani ya mashua ni safari ya kwenda kuonana na mwili wako. Mita mia tatu za kwanza walienda sambamba na Naivasha. Kufikia nusu ya njia Naivasha walikuwa mbele kwa kiti kimoja, yaani nafasi ya mpiga makasia mmoja. Njambi hakuwaona, alisikia tu makasia yao yakipasua maji nyuma ya bega lake la kulia. Alichokiona ni uso wa Dalmas, umelowa, umetulia, macho mara mbele mara kwake. Ufunguo ulikuwa unampiga kifuani kila alipovuta.

"Tunawala," Dalmas alisema. "Nusu kiti. Emmah, shusha mabega. Njambi, wape mwendo."

Akawapa. Ulimi ulikuwa na ladha ya chuma. Nyuma yake alimsikia Emmah akikoroma kama mtu anayekabwa.

"Tuko sawa nao," Dalmas akasema. Halafu akamtazama Njambi peke yake, akasema bila kupaza sauti, kama mtu anayeongea mezani: "Kumi ya mwisho."

Njambi alivuta. Alivuta vizuri, hakuna atakayemlaumu. Ila mwili una akili yake, na wa kwake ulikuwa umefundishwa kwa miaka miwili. Uliweka akiba. Moja, mbili, tatu. Alikuwa na nguvu nyingine chini kabisa, alizijua zilipo, akaziacha palepale kwa ajili ya kumi ya pili na ya tatu. Saba. Nane. Dalmas alikuwa anamtazama kwa macho yanayosihi. Tisa. Kumi.

Honi ikalia. Kisha ikalia tena.

Ya kwanza ilikuwa ya Naivasha. Urefu wa mkono ndio uliowatenga, mkono wa mtoto.

Mashua iliteleza yenyewe juu ya maji. Emmah alikuwa amejikunja juu ya kasia lake akilia. Njambi aliketi wima. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi tu, na Dalmas aliliona hilo, angekosaje kuliona?

"Nilisema kumi," alimwambia taratibu.

"Ilikuwa kumi," Njambi akasema. Kisha akarudia, na safari hii baridi ikamwingia kutoka kisogoni hadi nyayoni. "Ilikuwa kumi. Dalmas, wazee wako wako wapi?"

"Kwenu. Walishuka Adams saa nane na nusu. Nilikuambia."

Klabu yao ina sheria moja ambayo haivunjwi: hakuna anayeondoka kabla mashua haijabebwa, haijapanguswa na kuwekwa kwenye vyuma vyake. Njambi aliivunja. Mashua ilipogusa gati aliruka, hakuvaa viatu, hakuchukua koti, akapanda ukingo wa bwawa akikimbia. Alisikia jina lake likiitwa na hakugeuka. Alizikata zile njia za nyuma zenye matope, akavuka barabara magari yakimpigia honi, ufunguo ukimrukaruka shingoni, akawa anaomba kwa sauti, Mungu wangu, wawe wamechelewa, wawe wamepotea, wawe watu wasiojua saa.

Hapakuwa na mtu mlangoni.

Mama Shiko, jirani, alitoka akifuta mikono kwenye aproni. Alisema walikuja wazee wawili, watu wazima kabisa, makoti marefu na kofia, mmoja ana mkongojo. Walikuwa wamebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Walibisha hodi, wakaona kufuli. Walisimama barazani karibu nusu saa kwa sababu ya mvua. Yeye ndiye aliyewaendea mwishowe, akawaambia mama mwenye nyumba ameenda Gatundu tangu asubuhi, na kwamba hakusema anangoja wageni.

"Walisemaje?" Njambi aliuliza.

"Walinishukuru. Yule mwenye mkongojo alisema, basi tumejibiwa. Wakaenda. Ulikuwa unawajua?"

Njambi alikuwa anatazama chini. Kwenye ile nta nyekundu ambayo mama yake aliisugua alfajiri kulikuwa na alama za matope, jozi mbili za viatu vikubwa vilivyoelekea mlangoni, na kando ya jozi moja vidoti vya mkongojo. Vilikuwa wazi kama vilivyochorwa.

Dalmas alifika baada ya robo saa. Aliweka viatu vya Njambi na koti lake kwenye ngazi, akasimama nje ya baraza, mvuani. Simu alikuwa ameishika mkononi na Njambi akajua tayari ameongea nao.

"Mama yuko wapi?"

"Gatundu."

"Ulimwambia?"

Alitikisa kichwa. Alitaka kueleza habari ya viti, ya pasi iliyowekwa wima, ya kinywa kilichofunguka. Alimwambia tu, "Nilimwonea huruma. Sikutaka angoje tena."

Dalmas aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Njambi zaidi.

"Nilipouona ufunguo shingoni mwako nilijua," alisema. "Kisha nikajiambia labda mna funguo mbili. Njia nzima nilikuwa najiambia mna funguo mbili."

"Nitakwenda mimi. Twende Ngara sasa hivi, nitawapigia magoti."

"Wameshaondoka. Mjomba amesema hawezi kulala mji uliomfungia mlango." Aliyapangusa maji usoni. "Yule ni mzee wa miaka sabini na nne, Njambi. Nilimbembeleza miezi miwili. Nilimwambia ni watu wazuri, watakupokea. Siwezi kumwambia tena."

"Na sisi?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kutoniamini," Dalmas alisema. "Sina wa kumlaumu. Lakini sijui nitakaa vipi na mtu ambaye kila nikisema kumi anaweka akiba."

Njambi aliutoa mkono wake mbele, upande wa mvua. Dalmas aliutazama. Aliushika kwa vidole viwili vya mwisho, kama anavyoshika kamba za usukani, akauachilia. Kisha akageuka akaenda, mtu mdogo ndani ya jaketi la klabu lililolowa, akipita kati ya nyua za michongoma kuelekea barabarani. Miaka miwili Njambi aliujua uso wa mtu yule kuliko uso wake mwenyewe. Mgongo wake hakuwahi kuutazama mpaka siku hiyo.

Virginia alirudi kabla giza halijaingia, amechoka, goti limevimba. Alimkuta binti yake ameketi kwenye ngazi, miguu peku, nguo za mashindano zimemkaukia mwilini. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Alianza kuuliza kwa nini hajaingia ndani, halafu akaona baraza.

Alisimama. Alizitazama alama zile kwa muda mrefu, za jozi moja, za jozi ya pili, na vidoti vya mkongojo.

"Ni wazee?" aliuliza.

"Wawili."

"Walikuja kweli?"

"Walikuja, Mami."

"Na wewe ulijua?"

Njambi aliuvua ufunguo shingoni, akainuka kwenda kuchukua kitambaa cha sakafu kilichoanikwa ukutani, akapiga magoti kuanza kusafisha. Mama yake alimshika bega.

"Usifute," Virginia alisema.

Akauchukua ufunguo kwa binti yake, akaukusanya upindo wa sketi yake ya kanisa, akaruka alama moja baada ya nyingine kwa lile goti lake bovu, akafungua mlango.